Wachoraji wa Mwanza: kikundi kinakukuza au kinakumeza?

#1 Jabali_Igoma
Wakuu, salaam.

Nina hoja ya kichokozi. Hapa Mwanza vipaji tunavyo, tena vya kutosha. Tatizo kila mtu amejifungia chumbani kwake, huyu Nyakato, yule Buswelu, mwingine Nyegezi, anachora mpaka picha zinakosa ukuta wa kuegemea. Wanaozijua ni mke wake na mwenye nyumba. Mgeni anashuka uwanja wa ndege, analala Capri Point, asubuhi anapanda gari kwenda Serengeti kwa kupitia lango la Ndabaka, na zawadi anayorudi nayo kwao ni kinyago alichouziwa Arusha. Sisi hatukuwepo popote katika safari yake.

Dai langu ni hili: msanii wa peke yake hafiki. Anayefika, ukimchunguza, ana wenzake wa fani hiyo hiyo waliomwambia ukweli, waliomkopesha rangi, waliompelekea mteja. Angalieni Tingatinga. Edward Saidi Tingatinga alifariki 1972 akiwa amechora miaka michache tu, lakini mtindo wake unalisha familia hadi leo kwa sababu alikuwa na kikundi.

Leteni visa. Mliowahi kuwa kwenye vikundi, kilichowasaidia hasa ni nini? Na mliotoka, mlitoka kwa nini? Nadharia za semina sitaki, tumeshazishiba.

#2 Kaa_la_Mkaa
Nimevuta kigoda. Ngoja wenye vikundi waje.

#3 Binti_Kirumba
Mimi ni wa batiki, sio wa brashi, ila nadhani mada inanihusu.

Kilichotusaidia sisi ni mzigo. Nta, rangi na dawa zake ukinunua vidogo vidogo hapa mjini unalia. Tulipoanza kuchanga, mmoja akawa anaagiza Kariakoo, mzigo unapanda basi, tunaupokea Nyegezi stendi na kugawana kwa mizani. Hapo ndipo nilipoanza kuiona faida kwa macho. Kabla ya hapo nilikuwa nauza kweli, wateja wanasifia, lakini ukikaa na daftari jioni unagundua umefanya kazi ya kumtajirisha muuza rangi.

Hayo ya kuambiana ukweli kuhusu kazi hatukuwa na muda nayo. Sisi tulikuwa tunahesabu hela.

#4 FundiFremu
Mleta mada, mimi natengeneza fremu Mabatini, wachoraji wote wa mji huu wanapita kwangu kulia. Nimeona vikundi vikizaliwa kwa keki na soda. Nimevizika pia.

Vinakufa siku ya kugawana. Ikitokea oda ndogo, kila mtu mkarimu, "mpe fulani, ana mtoto mgonjwa". Ikija oda ya hoteli, ukarimu unapotea. Mwenyekiti anasema yeye ndiye aliyeongea na meneja. Katibu anasema vocha zilikuwa zake. Aliyechora picha nyingi anasema mikono ndiyo imefanya kazi, si mdomo. Mimi hapo katikati nadai hela yangu ya mbao.

La pili ni kuigana. Mmoja akiuza picha ya mitumbwi na jua linazama nyuma ya Jiwe la Bismarck, wiki inayofuata kikundi kizima kinachora mitumbwi na jua na jiwe. Nimeshapiga fremu machweo mpaka nikiona jua la kweli naona limekosewa rangi.

#5 Kaa_la_Mkaa
Hahaha, #4 umeniua na jua la kweli.

#6 Mwenge_wa_Zamani
Jabali, nakurekebisha kidogo hapo kwa Tingatinga. Hakuacha kikundi kilichoandikishwa. Alipigwa risasi na polisi kimakosa akiwa Dar, akafa ghafla. Alichoacha ni ndugu na wanafunzi wachache aliokuwa anawafundisha palepale anapochorea. Umoja wao ulikuja baadaye, na ushirika wenye jina lake mnaousikia leo ni wa 1990.

Halafu tuulizane: walikuwa wanauza wapi? Oysterbay, kwenye kibaraza cha duka la Morogoro Stores, mlangoni kwa wazungu wa balozi na mashirika. Malighafi ilikuwa hadibodi na rangi za mafuta za kung'aa, zile za kupaka baiskeli, vitu vya duka la vifaa vya ujenzi. Picha ndogo, inabebeka kwenye begi la ndege, bei haimtishi mtu. Mimi nasema kilichowabeba ni kibaraza kile na bei ile. Ungekichukua kikundi hicho hicho ukakiweka Igoma kingekufa kama vya FundiFremu.

#7 Jabali_Igoma
#6 nimekusoma mkuu. Lakini kibaraza kisingekaa na mtu mmoja miaka yote hiyo. Akiugua, akisafiri, akifa, kibaraza kinakuwa cha muuza chips. Kikundi ndicho kilichokishikilia.

#8 Ticha_Kisesa
Mwangaluka wana uzi.

Mnakwenda Oysterbay kutafuta mfano na mnaruka wa nyumbani. Usukumani ngoma zimegawanyika pande mbili tangu enzi za mababu, Bagika na Bagalu. Bagika walitokana na Ngika, Bagalu na Gumha, wote wawili mabingwa wa ngoma na dawa. Ukiwa mchezaji au manju unazaliwa upande au unachagua upande, na upande huo ndio shule yako, ndio watu wanaokushonea vazi, wanaokufundisha wimbo, wanaokusindikiza ukienda kushindana kijiji cha mbali.

Nendeni Bujora wakati wa Bulabo, sikukuu ya ngoma za Wasukuma, mwezi wa 6, mjionee. Timu mbili zinacheza kwa wakati mmoja, zinaelekeana, uwanja mmoja. Hakuna jaji wa kuinua kibao cha alama kama kwenye televisheni. Watazamaji wanahama kwa miguu yao. Upande uliojaza watu wengi ndio umeshinda. Kwa hiyo kikundi kizima kinakesha kutafuta jipya: nyoka, fisi, mtu aliyepanda mti mrefu, chochote kitakachomfanya mtu wa upande wa pili ageuze shingo.

Sasa niambieni, kilichokuza ufundi ule ni kupendana ndani ya kikundi, au ni yule adui anayepiga ngoma mbele yako? Mimi nasema adui. Wachoraji wa Mwanza hamna adui. Mkiwa na vikundi viwili vinavyochukiana kwa adabu, mtachora.

#9 Mpiga_Debe_Buzuruga
Ticha, na ile dawa ya mvuto ya kuvuta watazamaji mbona umeipitia juu juu? Wengine hapa ndiyo tunaihitaji, Instagram imegoma.

#10 Ticha_Kisesa
#9 dawa ipo, ila masharti yake ni lazima kwanza uwe unajua kucheza.

#11 Kayumba_Nansio
Shikamooni wakubwa, salaam kwa wadogo. Niko Ukerewe huku.

Mleta mada anasema wa peke yake hafiki. Nampa mfano wa kwetu: Aniceti Kitereza. Mzee aliandika riwaya kubwa kwa Kiswahili akiwa hapa kisiwani, hana chama cha waandishi, hana semina, hana mhariri wa jirani. Leo anasomwa vyuoni. Nani alikuwa kikundi chake?

#12 Mwenge_wa_Zamani
Kayumba, huo mfano unampa ushindi Jabali. Kitereza aliandika kwa Kikerewe, akamaliza 1945. Halafu kazi ikakaa. Ndipo wakaja wale watafiti wa Marekani, Gerald Hartwig na mkewe Charlotte, mwishoni mwa miaka ya 1960, wakaanza kumhangaikia. Mzee akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, ikachapishwa 1980 na Tanzania Publishing House. Mwaka uliofuata akafariki.

Miaka 35 kazi iliyokamilika imelala. Kipaji hakikuwa na dosari hata chembe. Angekuwa na wenzake wanne tu wanaojua mlango wa mchapishaji, isingelala hivyo.

#13 Kayumba_Nansio
#12 sawa, kwa Kikerewe. Lakini angalia: aliandika bila kikundi. Kikundi kilihitajika kwenye kuuza. Kwa hiyo tutenganishe, kukua ni jambo moja na soko ni jambo la pili. Uzi huu unayachanganya tangu mwanzo.

#14 Dada_Magugu
Niwape upande wa akina mama, maana naona humu mnaongea kama vile kila mtu anaweza kukaa kijiweni hadi saa 4 usiku.

Nasuka mikoba na mikeka kwa magugu maji. Niliwahi kualikwa kwenye kikundi cha wasanii mchanganyiko. Vikao jioni, nyuma ya baa. Hoja nzito zote zilikuwa zinaamuliwa baada ya mimi kuondoka kwenda kupika. Kesho yake naambiwa "tulikubaliana jana". Tulikubaliana na nani?

Tukaanzisha letu la wanawake watupu kwenye WhatsApp. Kwa soko lilisaidia sana, kwa sababu mteja akitaka mikoba 40 ya mkutano, mimi sina mikono 40, naweka oda kwenye grupu na kila mtu anachukua anachoweza. Lakini kukua, hapana. Ukituma picha ya mkoba uliopinda unapata makofi 15, hongera 9 na "Mungu azidi kukuinua". Mkoba umepinda! Hakuna hata mmoja aliyesema. Mteja ndiye aliyeniambia, na yeye alisema kwa kutorudi.

#15 FundiFremu
#14 hiyo ya makofi ni ugonjwa wa taifa.

#16 Jabali_Igoma
Dada_Magugu umegusa kidonda, na ngoja nieleze kwa kirefu jinsi tulivyofanya sisi, maana nilianzisha mada bila kuweka cha kwangu mezani.

Tuko wachache, wote rangi na brashi. Kanuni ya kwanza, unaleta kazi ambayo haijaisha. Iliyoisha hatuitaki, kwa sababu mtu akishaimaliza picha anaitetea kama mtoto. Ikiwa bado mbichi, ukimwambia mkono wa huyu mvuvi ni mfupi, anachukua brashi palepale. Kanuni ya pili, neno "nzuri" ni marufuku. Ukilitamka unanunua chai. Unatakiwa useme jicho lako lilikwenda wapi kwanza, na lilikwama wapi. Basi. Mara ya kwanza watu walikaa kimya kabisa, maana bila "nzuri" na "hongera" tulikuwa hatuna la kusema. Taratibu midomo ikafunguka.

Kuna jamaa mmoja kati yetu alikuwa anachora soko la Mwaloni kila siku: dagaa, vikapu, kina mama. Zilikuwa zinauzika wastani. Siku moja mwenzetu akamwambia, jicho langu linakwenda kwenye sakafu, pale maji na magamba yanapong'aa, watu wako sijawaona. Akakasirika, akafunga turubai akaondoka. Baadaye akarudi na picha za sakafu tupu, maji, magamba na miguu iliyovaa ndala. Kichwa cha mtu hakuna. Hizo ndizo anazojulikana nazo sasa, na bei zake sisi wengine tunaziangalia kwa mbali.

Kwenye soko, sheria yetu ni moja: mteja akitaka kitu usichochora, humwambii "hata mimi naweza". Unampeleka kwa mwenye kazi yake. Mtu wa picha za sura anapelekewa sura, wa wanyama anapelekewa wanyama. Hii imezuia kuigana anakokulalamikia FundiFremu, kwa sababu ukianza kuchora sakafu za samaki unajipokonya mteja ambaye ungeletewa.

#17 Mpiga_Debe_Buzuruga
Mkuu #16 hii ni chai au ina maandazi? Mchoraji wa Mwanza apeleke mteja kwa mwenzake bila kukata cha juu?

#18 Jabali_Igoma
#17 cha juu kipo, asilimia 10 na kinajulikana. Kikiwa kinajulikana hakina uchungu.

#19 Sauti_ya_Mabatini
Mimi ni mtu wa muziki, niseme kwa ufupi. Kwetu kikundi ni ngazi tu. Wanaume wa TMK, lile kundi la Temeke, waliteka nchi nzima wakiwa pamoja, kila mmoja anamtangaza mwenzake ndani ya wimbo mmoja. Halafu Juma Nature akatoka, akaunda Wanaume Halisi, Temba na Chege wakabaki upande wa pili. Mashabiki tulilia, lakini tukapata nyimbo za pande zote mbili. Kwa hiyo sioni kwa nini FundiFremu anaomboleza vikundi vinavyokufa. Kikundi kikifa baada ya kuzaa wasanii wawili watatu wanaosimama, kimefanya kazi yake.

#20 Ticha_Kisesa
Naunga mkono #19. Na baada ya kupasuka walipata nini? Adui. Narudia hoja yangu.

#21 Msomi_Malimbe
Naomba nitoke nje ya bara kidogo. Wale wachoraji wa Ufaransa, kina Monet, Renoir, Degas na Pissarro, walikuwa wanakataliwa kwenye maonyesho makubwa ya serikali. Mwishoni mwa 1873 wakaungana, wakaanzisha kampuni yao ya ushirika, na 1874 wakaazima iliyokuwa studio ya mpiga picha Nadar mjini Paris, wakatundika kazi wenyewe. Wasanii 30. Leo picha zao zinauzwa kwa mabilioni. Ushahidi gani zaidi mnautaka kwamba umoja ni soko?

#22 Mwenge_wa_Zamani
Malimbe, umeacha mwisho wa hadithi. Ile kampuni ilivunjwa mwaka huo huo wa 1874 kwa sababu ya madeni. Maonyesho yaliendelea, yakafika 8, la mwisho 1886, lakini waligombana njia nzima, nani aingie, nani asiingie. Aliyeshiriki yote 8 ni Pissarro peke yake.

Hela ilitoka wapi? Kwanza kwa Caillebotte, mchoraji mwenzao aliyekuwa tajiri wa urithi, akawa ananunua kazi za rafiki zake na hata kumlipia Monet kodi ya nyumba. Pili kwa Durand-Ruel, mfanyabiashara, ndiye aliyezipeleka New York 1886 na Wamarekani wakaanza kununua. Kwa hiyo kikundi kiliwapa moyo na jina. Mfuko ulikuwa wa mtu mmoja mwenye uwezo na dalali mmoja mwenye subira.

#23 FundiFremu
Asante #22. Natangaza rasmi: namtafuta Caillebotte wa Mwanza. Mwenye kiwanda cha minofu ya samaki au mgodi mdogo Geita aje, fremu bure.

#24 Msomi_Malimbe
#22 lakini Caillebotte aliwajua kwa sababu ya nani? Alikuwa mwanakikundi. Tajiri asingetoka tu barabarani akaingia chumbani kwa Monet.

#25 Mnunuzi_Capri
Nimekuwa msomaji tu, ila naona mnahitaji sauti ya upande wa pili wa meza. Nimefanya kazi ya manunuzi kwenye hoteli, sitaitaja.

Tulipokuwa tunataka picha za vyumbani, wachoraji walikuja mmoja mmoja na simu zao, wanatelezesha kidole, "angalia na hii bosi". Kazi nyingine zilikuwa safi mno. Nikiuliza: una TIN, namba ya mlipakodi? Hana. Risiti ya EFD, ile mashine ya kodi? Hana. Picha 24 kabla ya mwezi wa 6? Anasema anaweza, na wote wawili tunajua hawezi. Mhasibu wangu hawezi kulipa hela ya hoteli kwa mtu wa namna hiyo hata kama ni fundi kuliko wote.

Tukaenda kwa kikundi fulani kilichosajiliwa. Makaratasi yote yalikuwepo. Malipo yakapita. Tatizo likawa jingine: picha 6 za kwanza ziliondoka na roho yangu, nyingine zilionekana zimechorwa usiku wa kuamkia siku ya kuleta. Ukitembea kwenye korido unajua kabisa hapa alishika brashi mwingine. Bosi akauliza kama nimenunua kwa jumla.

Kwa hiyo kwa jicho la mnunuzi, kikundi ni karatasi. Kina akaunti ya benki, kina mtu wa kumpigia simu aliyechora akizima yake. Ufundi mnaujenga wapi, hiyo ni siri yenu, ila msinichanganyie mazuri na mabaya kwenye oda moja.

#26 Binti_Kirumba
#25 Mungu akubariki. Tangu mwanzo nasema hela, mnaniletea mambo ya jicho lilikwama wapi.

#27 Dada_Magugu
#25 mwisho wa yote mlifanyaje na zile mbaya?

#28 Mnunuzi_Capri
#27 tulizipeleka vyumba vya nyuma, vinavyotazama jenereta.

#29 Kaa_la_Mkaa
😂😂 Nani mwenzangu ameshawahi kulala chumba cha jenereta akaiona picha?

#30 Kijana_Nyegezi
Wakuu na mimi mgeni humu. Naskia ukiwa kikundi unapata ile asilimia 10 ya halmashauri ya vijana. Ni kweli wachoraji wanapewa?

#31 Binti_Kirumba
#30 mdogo wangu, 10 ni ya wote. Ni 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu, kutoka mapato ya ndani ya halmashauri. Ni mkopo, hauna riba, unarudishwa. Ilisimamishwa 2023 ikarudi 2024. Anza kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata yako, atakuambia masharti ya sasa. Sisi tuliomba kama wajasiriamali wa batiki. Ukisema "sanaa" unaangaliwa kama unataka hela ya kwenda kucheza, ukisema "uzalishaji wa mapambo ya nyumbani" unapewa kiti.

#32 FundiFremu
Na hapo ndipo mazishi yanapoanzia. Kikundi kilichoundwa kwa ajili ya mkopo kinafufuka siku ya kusaini na kufa siku ya marejesho. Kijana, tafuta kwanza watu ambao ungekaa nao hata kama hakuna hata senti.

#33 Kijana_Nyegezi
#31 #32 asanteni. Na swali jingine, nikionyesha kazi haijaisha kama Jabali anavyosema, mtu akiniibia wazo je? Nishasajili BASATA, inatosha?

#34 Mwenge_wa_Zamani
BASATA wanakusajili wewe msanii na kukupa kibali cha kufanya kazi ya sanaa. Kazi yenyewe ni COSOTA, ofisi ya hakimiliki, kwa sheria ya hakimiliki ya 1999. Na hata huko, haki yako inaanza pale unapoiweka kazi kwenye turubai, usajili ni ushahidi wa kukusaidia mkigombana. Lakini sheria inalinda ile picha, hailindi wazo. Mtu akiamua naye achore sakafu ya Mwaloni kwa mkono wake na mpangilio wake, huna kesi.

#35 Jabali_Igoma
Ndiyo maana nasema kesi yake inaamuliwa na wenzako. Aliyeiga kwetu hapelekwi polisi. Haletewi mteja tena.

#36 Sauti_ya_Mabatini
#35 hilo linafanya kazi kwa sababu mko wachache. Mkifika 40?

#37 Mpiga_Debe_Buzuruga
Niseme na mimi la maana japo mara moja. Mnabishana kikundi, kikundi, na hamsemi mtu anasimama wapi. Biashara inauzika mtu anaposubiri. Kivuko cha Busisi kilikuwa na foleni ya magari, foleni ile ilikuwa soko la karanga, mayai, mpaka miwani. Daraja la Kigongo–Busisi limefunguliwa 2025, magari yanapita moja kwa moja, wale wachuuzi wametawanyika. Sasa nyie wasanii, wapi Mwanza watu bado wanasubiri? Kamanga kwenye kivuko. Bandarini kwenye meli za Nansio na Bukoba. Uwanja wa ndege. Mtu mmoja hawezi kukaa Kamanga kutwa nzima na bado achore. Wawe 5, kila mtu na siku yake, anauza za wote. Hapo nitawaelewa.

#38 Mwenge_wa_Zamani
#37 hiyo ndiyo Morogoro Stores niliyoisema #6. Tunazunguka tunarudi kwenye kibaraza.

#39 Dada_Magugu
#37 wazo zuri ila siku yangu ya kukaa nikiuza wa kwangu 5 na wako 0, utaniamini? Nimeshaona watu wanasusa kwa hilo tu.

#40 Binti_Kirumba
Daftari. Kila kitu kiandikwe na namba yake, bei ya chini kabisa iandikwe, anayeuza juu ya hapo ziada yake. Wala usihitaji kumwamini mtu.

#41 FundiFremu
#40 bei ya chini kabisa ndiyo itakayokuwa bei pekee. Wanunuzi wa Kamanga nawajua, wanasikia harufu ya bei ya chini kutoka ng'ambo.

#42 Ticha_Kisesa
Basi wekeni meza mbili zinazoelekeana, Bagika huku, Bagalu kule, tuone abiria watahamia wapi.

#43 Mnunuzi_Capri
Ticha, hiyo ningelipa kiingilio kuiona.

#44 Kijana_Nyegezi
Samahani kuwatoa nje. Nashindwa kununua kanvasi za dukani. Natumia amerikani nimewamba kwenye mbao, ila rangi inanyonywa sana na kitambaa kinalegea. Wenzangu mnapaka nini kwanza?

#45 Jabali_Igoma
Gundi nyeupe ya mbao, uichanganye na maji nusu kwa nusu, paka, acha ikauke kabisa. Halafu rangi nyeupe ya maji ya ukutani mikono miwili, ya pili uipake kwa kukatiza ya kwanza. Piga msasa laini katikati. Kulegea ni kwa sababu unawamba kitambaa kikavu na hakijafuliwa. Kifue kwanza kitoke wanga.

#46 FundiFremu
Na mbao zako zina pembe mraba? Wengi wananiletea fremu iliyopinda halafu wanalaumu kitambaa.

#47 Kijana_Nyegezi
Mbao za maboksi, nimepiga misumari mwenyewe.

#48 FundiFremu
Zilete Mabatini Jumamosi asubuhi kabla sijabanwa. Lete na hiyo picha ambayo haijaisha.

#49 Dada_Magugu
Jumamosi asubuhi hata mimi naweza kuja. Kuna vikao vya mchana kumbe mji huu.

#50 Mpiga_Debe_Buzuruga
Mwenyekiti ni nani?

#51 FundiFremu
Akitokea mwenyekiti nafunga geti.